Tupeane uzoefu: ulipokula kidogo kupita kiasi ili upungue, mwili wako ulikujibu nini?

Mlezi_wa_Wengi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu.

Naomba tupeane uzoefu juu ya jambo ambalo, kwenye mazungumzo ya kupunguza uzito, hufunikwa na picha za kabla na baada. Sizungumzii kula kwa kiasi. Nazungumzia kula kidogo mno: mlo mmoja mdogo kwa siku, maji na kahawa mpaka jioni, juisi tupu wiki nzima, kalori 500 au 600 kwa mtu mzima anayefanya kazi na kulea watoto.

Nimemuuguza mdogo wangu aliyefika huko. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba kipindi alichokuwa anaumia ndicho kipindi alichosifiwa kuliko wakati wowote wa maisha yake. Mizani inashuka, nguo zinalegea, kila anayekutana naye anamwomba siri. Madhara yalikuja baadaye, tena moja moja, na kila moja likaonekana kama ugonjwa unaojitegemea. Nywele zikatafutiwa dawa yake, usingizi dawa yake, kizunguzungu kikaambiwa ni uchovu. Mtu wa kwanza kumuuliza "kwa siku unakula nini?" alikuwa daktari wa zamu, baada ya yeye kuanguka bafuni alipoinuka ghafla.

Mapigo ya moyo wake yalikuwa chini ya 50 kwa dakika akiwa amelala tu, na si mwanariadha. Presha ilishuka kila aliposimama. Daktari akatueleza kwamba mwili usipopata chakula cha kutosha huanza kubana matumizi: moyo unapunguza kasi, joto linashuka, tumbo linasaga polepole, homoni za uzazi zinazimwa kwa sababu hazihitajiki ili mtu aione kesho.

Jambo lingine alilotueleza ni kuhusu zile kilo za wiki ya kwanza zinazotia watu hamasa. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushikilia takriban gramu 3 za maji. Ukijinyima, akiba inaisha na maji yanatoka nayo. Mizani inashuka kweli, lakini sehemu kubwa ya kilichoondoka ni maji, na mtu anaamini amepata njia.

Kwa hiyo swali langu: wewe ulionaje? Dalili ilitokea lini, na ilichukua muda gani kuiunganisha na chakula? Waliopungua kwa kula kidogo sana wakabaki salama nao waandike, tusisikie upande mmoja.

Dada_Rehani

Ahsante kwa uzi huu, dada. Kwangu zilikuwa nywele.

Nilikuwa nimeshaacha kujinyima. Nakula milo mitatu, nguvu zimerudi, naendelea na maisha. Ndipo nywele zikaanza kutoka kwa mashada, kwenye kitana, kwenye mto, kwenye maji ya kuogea. Nikabadilisha mafuta, nikabadilisha sabuni, nikafungua kila msuko. Daktari wa ngozi hakugusa hata kichwa changu kwanza, aliuliza tu: "Miezi miwili mitatu iliyopita ulipitia nini? Homa kali, kujifungua, kupungua haraka?"

Akanieleza kwamba mwili ukipata mshtuko, vinyweleo vingi huingia kwenye mapumziko kwa mpigo mmoja, lakini unywele uliopumzishwa hauanguki siku hiyo. Hukaa kichwani miezi miwili hadi mitatu ndipo utoke. Ndiyo maana watu wengi hawaunganishi. Anayeona nywele zinadondoka anakumbuka alichopaka jana, hakumbuki alivyokula robo mwaka iliyopita.

Walinipima damu, akiba yangu ya madini ya chuma ilikuwa chini sana. Nilipewa vidonge vya chuma na nikasisitiziwa protini. Nywele zimerudi, ila kwa miezi, si kwa wiki. Dada yangu unayesoma ukiwa katikati ya hali hiyo, usikate tamaa, mara nyingi zinarudi mwili ukishapata kile ambacho mizizi yake inahitaji.

Kaka_Sefu

Mimi ni mawe kwenye mfuko wa nyongo, na sikuwahi kusikia mtu akiyataja kwenye mada za dayeti.

Nilipungua kwa kasi kubwa, zaidi ya kilo 2 kwa wiki, kwa chakula kisicho na tone la mafuta. Siku niliyokula mlo wa kwanza wenye mafuta, maumivu yakanishika usiku chini ya mbavu za kulia, yakapanda hadi bega. Sijawahi kuumwa vile. Nilidhani ni moyo. Utrasaundi ikaonyesha mawe.

Daktari wa upasuaji alinichorea kwenye karatasi. Mafuta ya mwilini yanapoyeyuka kwa kasi, ini linamwaga kolesteroli nyingi kwenye nyongo, na nyongo inakuwa nzito. Wakati huohuo mfuko wa nyongo hujikamua pale mafuta yanapofika kwenye utumbo. Mimi nilikuwa sili mafuta, kwa hiyo mfuko umetulia na nyongo nzito imetuama ndani. Hapo ndipo mawe hujengeka. Alisema hatari inaongezeka kwa mtu anayepungua zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki, na kwamba waliofanyiwa upasuaji wa tumbo ili kupungua mara nyingi hupewa dawa ya kuzuia mawe kwa miezi ya mwanzo, kwa sababu jambo hili linajulikana kabisa hospitalini.

Linajulikana hospitalini, lakini sisi wa mtaani tunaambiana "ukipungua haraka ndiyo vizuri". Mfuko wangu umetolewa. Naishi vizuri, ila wakuu, maumivu ya upande wa kulia baada ya kula, hasa yakija na homa au macho kuwa ya njano, msiyalalie nyumbani.

Zuhura_Mbio

Naomba niongee na wale ambao hata si wanene.

Nilikuwa nakimbia, na niliamini nikiwa mwepesi zaidi nitakimbia haraka zaidi. Nikapunguza chakula, mbio zikabaki palepale. Hedhi ikaanza kuruka, halafu ikakata. Kusema kweli nilifurahi, nikaona usumbufu umeondoka. Wenzangu wa mazoezi nao waliniambia ni kawaida kwa wanaojituma.

Si kawaida. Hedhi inapokatika kwa sababu ya kula kidogo, maana yake ubongo umeacha kutuma ishara kwa ovari (vifuko vya mayai), homoni ya kike, estrojeni, imeshuka, na estrojeni ndiyo inayolinda mifupa. Nilivunjika mfupa wa mguu bila kuanguka. Ufa mdogo, uliotokana na kukimbia tu. Kipimo cha mifupa kilionyesha uzito wake uko chini kwa umri wangu, na hilo halirudi kirahisi kama uzito wa mwili.

Kuna jambo nilifafanuliwa na naliomba lisomwe taratibu. Mtu aliyekata hedhi namna hii anaweza kupewa vidonge vya uzazi wa mpango akaona damu kila mwezi, akadhani amepona. Ile damu inaletwa na vidonge. Chanzo bado kipo, na mifupa haipati kinga ile ambayo ingeipata hedhi ikirudi yenyewe kwa kula. Dawa yangu ilikuwa chakula zaidi na mazoezi pungufu, na ilikuwa ngumu kuliko mazoezi yoyote niliyowahi kufanya.

Na akina kaka msidhani hii ni ya wanawake. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu upungufu wa nishati kwa wanamichezo, ikawataja wanaume pia. Kwao homoni ya kiume, testosteroni, hushuka, hamu ya tendo la ndoa hupotea, majeraha hayaponi.

Kassim_Kimya

Mimi nina mawili tu. Baridi mifupani wakati wenzangu wanatoka jasho, na kukosa choo hata siku nne. Nilikuwa nakunywa majani ya kusafisha tumbo, tatizo likazidi. Tumbo halikuwa na cha kusukuma.

Muuguzi_Salma

Nimesoma zote. Nafanya kazi wodini, sikuja kukemea mtu. Nataka niseme kuhusu kichwa, maana wengi wameandika kuhusu mwili.

Mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, Ancel Keys na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani waliwachukua vijana 36 wa kiume waliojitolea, wote wenye afya. Jaribio lilianza mwishoni mwa 1944, na kuanzia Februari 1945 walipunguziwa chakula huku wakiendelea na kazi na kutembea sana kila wiki. Lengo lilikuwa kujua namna ya kuwasaidia watu ambao vita ingewaacha wakiwa na njaa. Kipindi cha kujinyima kilikuwa miezi sita, na wastani wa walichokula ulikuwa takriban kalori 1,570 kwa siku. Tazameni namba hiyo. Watu wengi wanaojinyima leo wangeiona ni nyingi.

Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Mapigo ya moyo yakapungua sana, wakawa wanahisi baridi kiangazi, miguu ikavimba, hamu ya mapenzi ikafa. Lakini kilichowashtua watafiti ni tabia. Vijana wale waliwaza chakula tu. Walisoma vitabu vya mapishi kama watu wanavyosoma riwaya, waliota chakula, walikaa na sahani moja kwa muda mrefu, walilamba vyombo. Wakawa wakali, wakajitenga, wakaingia huzuni. Ruhusa ya kula ilipotolewa, baadhi yao walikula kiasi kikubwa mno na bado wakasema wana njaa.

Nawaambia hili kwa sababu kila wiki naongea na mtu anayelia kwamba hana nidhamu: "Nakaa vizuri mchana kutwa, usiku napoteza akili, nakula kila kilichopo." Dada, kaka, usiku ule ni mwili unaodai haki yake. Vijana wale hawakuwa na tatizo lolote la chakula kabla ya kuanza, na njaa peke yake iliwafikisha huko. Mtu akiamka asubuhi na kujiadhibu kwa kutokula tena, anauanzisha mzunguko upya.

Na kwa baadhi ya watu, mzunguko huo unageuka maradhi kamili yanayohitaji tiba. Maradhi hayo hayachagui mwili mwembamba. Mtu mnene aliyepungua kwa kasi kubwa anaweza kuwa na mapigo hafifu na madini yaliyoshuka kama aliyekonda kabisa, na kwa sababu anaonekana "bado mkubwa" kila mtu anampongeza.

Mzee_Hamidu

Vijana wangu, mimi nina kisukari, natumia dawa kwa miaka mingi. Naongea kwa niaba ya wenye sukari na presha.

Nilitaka kupungua kama nilivyoshauriwa, nikaona nifupishe njia. Nikaacha mlo wa asubuhi na wa mchana, dawa nikameza kama kawaida. Dawa yangu ni ya kundi la sulfonailurea, ambalo huisukuma kongosho itoe insulini, umekula au hujala. Sukari ikashuka. Jasho baridi, mikono kutetemeka, maneno yanatoka ovyo. Mke wangu ndiye aliyetambua, akanipa maji ya sukari.

Anayechoma insulini yuko kwenye hatari hiyohiyo, pengine zaidi. Na wa presha: ukila kidogo na kupungua, presha inashuka yenyewe, dozi ya zamani inaweza kukuangusha. Sisemi msipungue, mimi mwenyewe nimepungua na sukari yangu imekuwa nzuri. Nasema kabla hujagusa sahani, dozi ipangwe upya na daktari wako. Isipangwe na jirani, wala usiipange wewe mwenyewe.

Bint_Athumani

Mwanzisha uzi umeomba tulio salama tuandike, nami naandika. Nilikaa miezi kadhaa kwenye mpango wa takriban kalori 800 kwa siku. Nimepungua, kisukari changu cha aina ya pili kimetulia bila dawa, na sina dhara lolote nililoliona.

Lakini naomba niseme ulivyokuwa mpango wenyewe. Haukuwa wa kujitungia. Vyakula vilikuwa maalumu vya kimiminika vilivyowekwa protini, vitamini na madini kamili. Dawa za sukari na presha zilisimamishwa na daktari siku ya kwanza. Nilipimwa mara kwa mara, na kurudi kwenye chakula cha kawaida kulifanywa hatua kwa hatua kwa wiki kadhaa. Mpango wangu ulifuata ule utafiti wa Uingereza unaoitwa DiRECT, ambao matokeo yake ya mwaka wa kwanza yalitoka 2017: karibu nusu ya waliokuwa kwenye mpango walifikia hali ya kutohitaji dawa za kisukari. Na hata pale walichaguliwa waliougua kwa muda usiozidi miaka sita na wasiotumia insulini.

Kwa hiyo namba 800 si uchawi na si sumu. Mtu akiniuliza nilikula nini ili naye afanye kwake bila vipimo, simwambii.

Kaka_Sefu

Dada hapo juu, umenena. Tofauti yangu na wewe ni kwamba mimi nilisimamiwa na mizani peke yake.

Mama_Faraja

Mimi ni mzazi. Binti yangu ana miaka 15. Naandika ili mzazi mwingine aone mapema kuliko nilivyoona.

Haikuanza na kukataa chakula. Ilianza na "nakula afya". Akaondoa sukari, nikafurahi. Akaondoa mafuta, nikamsifu. Akaondoa wanga. Halafu akawa ameshakula kwa rafiki, ameshakula shuleni, tumbo linauma. Akakata chakula vipande vidogo sana, akavisogeza sahanini. Nguo kubwa, sweta wakati wa joto. Mazoezi usiku mlango umefungwa. Kilichonishtua ni kwamba alianza kupika kwa ajili yetu kila siku, kwa upendo mkubwa, na yeye haonji. Leo nimesoma alichoandika Muuguzi Salma kuhusu wale vijana na vitabu vya mapishi, nimekaa chini.

Daktari alisema umri huu ndio mifupa inajijenga kwa ajili ya maisha yote, na urefu wenyewe unaweza kudumaa. Tuko kwenye matibabu: daktari, mtaalamu wa lishe na mshauri wa saikolojia. Nimeambiwa niondoe mizani nyumbani na niache kabisa kuongelea miili, wangu, wake, wa mtu yeyote. Tunakula pamoja mezani kila mlo. Kuna siku nzuri na kuna siku anaisukuma sahani, na bado tunakaa.

Juma_Mzani

Kwangu uzito wote ulirudi, na ziada juu. Naomba mnaowacheka watu kama sisi mjue kinachotokea ndani.

Mtu akipungua kwa njaa tupu bila protini ya kutosha na bila mazoezi ya nguvu, sehemu ya kilo zinazoondoka ni misuli. Homoni ya shibe, leptini, inashuka, na ile ya njaa, ghrelini, inapanda. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliowafuatilia watu 14 waliokuwa washindani wa shindano la televisheni la kupunguza uzito huko Marekani, miaka sita baada ya shindano. Wengi walikuwa wamerudisha kilo nyingi, na miili yao ikiwa imepumzika ilikuwa inatumia takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa umbo lao. Walikuwa wamechanganya chakula kidogo na mazoezi makali sana, kwa hiyo si kila mtu atafika huko. Lakini anayesema "ulirudia ulafi" hajui mwili unavyopigana.

Sasa hivi nashuka nusu kilo kwa wiki, wiki nyingine hakuna. Nalala, choo kipo, sina hasira na watoto. Hakuna anayenisifu, na sihitaji.

Msomaji_Mgeni

Samahani kuingilia, nina jambo la sasa hivi. Kaka yangu amekaa zaidi ya siku kumi kwa maji tu, anasema anasafisha mwili na kupungua. Leo amechoka sana, kasema basi, anataka kula. Wamemwandalia chakula kingi afidie. Miguu imeanza kuvimba kidogo na anasema moyo unamdunda. Ale nini kwanza?

Muuguzi_Salma

Ndugu yangu, msimpe hiyo sahani. Mpelekeni hospitali sasa, ambako kuna maabara, kabla ya kumlisha.

Mwili uliokaa siku nyingi bila chakula umebakiwa na akiba ndogo ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu, ingawa damu inaweza kuonyesha viko sawa. Wanga ukiingia kwa wingi ghafla, insulini inapanda na kuyavuta madini hayo yote kuingia ndani ya seli. Kwenye damu yanaporomoka, na moyo unaweza kwenda mrama. Iliwatokea watu waliotoka kwenye kambi za wafungwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, waliokufa baada ya kupata chakula. Siku zaidi ya kumi bila chakula ni hatari kubwa, na moyo kudunda ni dalili ya kutosha.

Msomaji_Mgeni

Tumeshatoka. Tukifika tuseme nini?

Muuguzi_Salma

Semeni idadi ya siku ambazo hajala, hilo kwanza kabisa, wasije wakamchukulia kama mtu mwenye uchovu tu. Semeni kilo alizopoteza kama mnazijua, dawa yoyote anayotumia, na kama anakunywa pombe. Ombeni apimwe fosfeti, potasiamu na magnesiamu na apigwe kipimo cha umeme wa moyo. Waulizeni kuhusu vitamini B1, kwa kawaida hutolewa kabla ya kuanza kulisha. Watamwanzishia chakula kidogo kidogo na kupima damu kila siku. Asiendeshe gari mwenyewe, na mmoja wenu akae naye nyuma. Akipoteza fahamu au akishindwa kupumua mkiwa njiani, ingieni kituo cha afya chochote kilicho karibu, msingoje kufika pale mlipokusudia.